Saa ya Wodi ya Watoto

Muuguzi mmoja, jina lake Sekela, alikuwa na kompyuta katika wodi ya watoto. Kazi ya kompyuta hiyo ilikuwa moja tu: kupiga kengele kila ulipofika wakati wa mtoto kupewa dawa. Umeme ulipokuwepo haikukosea. Ulipokatika na kurudi, iliamka kama mtu aliyezimia, haijui leo wala jana, ikashika saa yoyote na kuanza kuamuru.

Siku moja umeme ulirudi, kengele ikalia, na Sekela akamwinamia mtoto Lusajo, dawa ya degedege mkononi. Mama wa mtoto akamzuia. "Ameshakunywa, nesi. Sasa hivi tu." Sekela akaiweka dawa chini. Dozi ya pili ingeweza kumuua.

Akaifunika kompyuta kwa shuka na kuapa kuitupa. Lakini wagonjwa walikuwa wengi, naye peke yake. Basi kwanza akamwita Atupele, fundi wa programu.

Atupele akaifungua. Ndani mlikuwa na saa ndogo yenye betri yake. Akaipima, akaikuta sahihi. Umeme ulipokatika, sehemu nyingine zote zililala, yenyewe haikulala. Ila kiini cha mfumo, ile programu inayozitawala nyingine zote, hakikujua kama ipo, maana hakikuielewa lugha yake. Atupele akashinda ameketi, akaandika kiendeshi, programu ndogo iliyo kama mkalimani, akakitia ndani ya kiini. Kisha akauzima umeme kwa mkono wake, wakanywa chai, akauwasha. Kompyuta ikaamka, ikaiuliza saa kwanza, ikanyamaza. Ilipolia, ilikuwa wakati wenyewe hasa.

Sekela akamshika mikono yote miwili, machozi yakimtoka. "Mwanangu, Mungu akulipe."

"Amina, mama," akasema Atupele, akiionyesha ile saa ndogo. "Ila mshukuru na huyu mdogo. Ukweli alikuwa nao siku zote. Alikosa wa kumfasiria."

Sekela hakucheka. Akainama juu ya kile kisanduku kilichokuwa wazi, mbele ya akina mama wote wa wodi, akasema asante bila kuona haya.

Mwenye nyumba anayesikia haya na ajiulize: ni nani chini ya dari yangu anayekesha akiijua saa, nami sijawahi kumtafutia mkalimani?