Fisi Hana Kiberiti

Fisi hana kiberiti. Mmeisikia leo mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Sawa, kaeni. Aliyeitamka mara ya kwanza hakuwa akicheka. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Isenga, kando ya mbuga, watu waliwinda pofu, mnyama wa jamii ya swala, mkubwa kama ng'ombe. Pofu jike akizaa humficha ndama wake katika nyasi ndefu, akawa anarudi kumnyonyesha. Kwa sababu hiyo wazee wa Isenga waliichoma mbuga mapema, majani yakiwa bado na unyevu, na nyasi za kijitoni hawakuzigusa.

Kisha Mihambo akawa kiongozi wa wachungaji. Yeye alichoma kiangazi kikiwa kimekolea, ng'ombe wake wapate machipukizi upesi. Moto ukafagia mpaka kijitoni, mwaka baada ya mwaka. Pofu wakakonda, wakajaa kupe, ndama wakaadimika. Walioonekana ni fisi tu, wakizurura mchana kweupe, matumbo yamejaa.

"Fisi hawa wana mwenyewe, mchawi anayewafuga," Mihambo akasema.

Watu wakamgeukia Nyamizi, mjane mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni.

Kalunde, mke wa mwanawe, alikuwa akitwanga mahindi walipoingia uani na mapanga. Walitaka mama mkwe wake ahame kabla jua halijazama, la sivyo wasilaumiwe. Ahamie wapi, kikongwe yule? Hasira ilimpanda Kalunde. Akauacha mchi kinuni, akashika njia ya kijitoni, majivu yakimrukia miguuni.

Aliporudi, wanaume walikuwa wangali uani wakimlinda Nyamizi kama mwizi. Kalunde akaifungua kanga yake, akamtupa ndama wa pofu miguuni pa Mihambo.

"Haya, tafuta alama ya jino."

"Shemeji, mambo ya wachawi waachie wanaume."

"Usiniite shemeji na panga mkononi. Nimesema tafuta jino!"

Mzee mmoja akainama, akamgeuza ndama. Kwato zilikuwa zimebabuka, ngozi imekauka kama gome. Jino halikuwapo.

"Ndama kama huyu wamejaa kule kijitoni," Kalunde akasema. "Mnawachoma, fisi wanakula, kisha mnakuja na mapanga kwa mama yangu!"

"Fisi ndio wanaomaliza wanyama. Kila mtu anajua."

"Fisi anakula, sikatai. Hata mzima akimpata atamla. Lakini huyu kachomwa na nani? Toa kilichomo mfukoni mwako, Mihambo."

Mihambo hakukitoa. Mkono wake ulikwenda wenyewe kukifunika, na njiti zikagongana ndani yake, kacha kacha. Ua zima likasikia.

"Fisi hana kiberiti," Kalunde akasema.

Wanaume wakaondoka mmoja mmoja, bila hata kuaga.

Mwaka uliofuata mbuga ilichomwa mapema, na nyasi za kijitoni zikasimama. Pofu walirudi polepole. Fisi nao walikuwapo, wakichukua wagonjwa na wazembe kama ilivyo kawaida yao, wala hakuna aliyewatafutia mwenyewe. Mihambo alimpelekea Nyamizi kuku wa kuomba radhi. Kikongwe akamfukuza, yeye na kuku wake.

Basi mkimwona mtu ana haraka ya kumnyooshea mwenziwe kidole, sikilizeni kwanza mfuko wake. Fisi hana kiberiti.