Kwa Nini Mwindaji Humgeuzia Mgongo Mbwa Wake

Nilikamatwa mdomo ukiwa na mafuta. Mafuta ya ini la paa, lililochomwa likaiva, na ambalo halikuwa langu.

Nimeaibika katika nchi nne na bandari tatu, na ukinikaribisha kahawa nitakusimulia zote huku nacheka. Hii sicheki. Mimi ni fundi wa cherehani, mtu wa Ujiji, na kazi hiyo imenizungusha ziwa lote na kuvuka mpaka nikatokea kijiji kimoja ukingoni mwa msitu, upande wa Ituri, ambako cherehani zilikuwa mbili na mbwa walikuwa wengi kuliko viti. Mbwa wa huko ni wadogo, wekundu kama udongo wa kichuguu, mkia umejikunja juu ya kiuno, paji la uso limejaa makunyanzi kama mzee anayesomewa barua mbaya. Hawabweki. Wakienda kuwinda huvishwa shingoni kengele iliyochongwa kwa mti, na mwindaji hufuata mlio wake.

Nilimtaka mmoja. Tena nilikuwa nimeshajigamba nyumbani kwamba nitarudi naye, na binti yangu alikuwa ameshamtengea bakuli.

Lakini watoto wa mbwa wa kijiji kile hawauzwi. Aliyekuwa akiwalea ni Mama Kyakimwa, bibi mmoja mfupi, mkavu, anayejua babu na bibi wa kila mbwa kama wewe unavyojua wajomba zako. Yeye ndiye huamua jike gani akutane na dume gani, na mtoto gani aende kwa nani. Anayeomba hukaa nyumbani kwake siku kadhaa. Haulizwi kitu. Anatazamwa tu.

Nilikaa siku nne. Nilitengeneza cherehani ya mkwewe, nikapasua kuni, nikachekesha watu mpaka nikajiona nimeshinda. Siku ya nne, jua likiwa utosini, mwanawe Kathembo alirudi na paa begani, na mbele yake mbwa wao jike, Watasema. Huko mbwa hupewa jina ambalo mwenyewe angependa majirani walisikie. Kathembo akachoma ini, akakata kipande kizuri, akakiweka juu ya jani pana kando ya ukuta kipoe, akaenda mtoni kunawa.

Niliona ni cha mgeni. Hapana, nisiongeze uongo juu ya uongo: sikujua ni cha nani, na sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Nikala.

Kathembo alirudi akakuta jani tupu. "Nani amekula?"

Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, baba wa watu, nikanyoosha kidole. "Mbwa."

Watasema alikuwa amelala hatua mbili kutoka nilipo. Aliinua kichwa, akanitazama, na yale makunyanzi yakajikusanya pamoja. Hakutoa sauti. Mke wa Kathembo akaacha kutwanga, mchi ukabaki hewani. Mama Kyakimwa akaja polepole na kitambaa cha kushikia sufuria, akanipa.

"Papa Fundi, pangusa mdomo."

Nikapangusa.

"Sasa kaa chini. Usidhani wewe ni wa kwanza."

Akanieleza, na nusu ya kijiji ikaja kusikiliza, kwa sababu habari ya mgeni aliyekula cha mbwa ilikuwa imeshafika mtoni na kurudi. Ninayaandika aliyoyasema kama nilivyoyasikia, nikiwa nimekaa chini na kitambaa chenye masizi mkononi.

Ilikuwepo enzi, alisema, ambayo mbwa wa kuwinda alikuwa na maneno. Si kubweka, maneno. Akiwa mbele msituni alikuwa akiita, "Huku, huku, amevuka kijito!" na mwindaji akafuata. Jioni alilala karibu na moto akisimulia mbio za siku hiyo, na kama bwana wake alikosea shabaha, mbwa alilisema hilo pia. Watu walimzoea hivyo. Hakuna aliyedhani ulimi ule ungeweza kwisha.

Katika enzi hiyo aliishi mwindaji aliyeitwa Kitobi. Alikuwa na mke anayenyonyesha, na mbwa jike aliyeitwa Mwandani, na kwa siku hizo Mwandani alikuwa na mimba. Ukaja mwaka ambao mvua ilikataa kukatika. Migomba ikaoza ikiwa imesimama, na watu wakabaki wanategemea kinachotoka msituni peke yake. Wazee wakaweka sheria: mnyama afike kijijini mzima, asikatwe hata ukucha, wanawake ndio watakaogawa, na ini litakuwa la wanaonyonyesha. Mtu akila msituni atatolewa kijijini yeye na nyumba yake yote. Mbwa akila, mwenyewe atampiga kwa fimbo mbele ya watu.

Siku moja Mwandani alikimbiza paa tangu umande mpaka jua kusimama, akamzungusha, akamleta mpaka kwenye mkuki wa Kitobi. Kitobi alikuwa hajala siku mbili. Akakaa nyuma ya gogo, akampasua paa kidogo upande mmoja.

"Unafanya nini?" Mwandani akauliza. "Ini ni la mkeo."

"Kipande tu."

Kila mtu anaijua safari ya kipande tu. Ini lilikwisha, Kitobi akabaki analamba kisu.

Walipofika kijijini wanawake walimfungua paa. Mke wa Kitobi aliingiza mkono mahali pa ini, akautoa mtupu, akamtazama mumewe. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, analia kile kilio chembamba cha mtoto ambaye ziwa limemkaukia. Watu wote wakageuka. Na Kitobi, ambaye hakuwa mtu mbaya, hapa Mama Kyakimwa alinitazama sana, hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikuwa akipendwa, alikuwa akichekesha, Kitobi akanyoosha kidole.

"Mbwa," akasema.

Mzee wa kijiji akamwita Mwandani katikati. "Wewe una ulimi. Sema. Ni wewe uliyekula?"

Mwandani akafungua mdomo. Akamtazama Kitobi, kisha mkewe, kisha yule mtoto, kisha mvua inavyoanguka njiani. Alikuwa anapima. Akisema kweli, wanne wataondoka kijijini mvuani, na mmoja wao hatafika mbali. Akisema uongo, atakuwa amejifananisha na Kitobi. Alipima muda mrefu mpaka paji la uso wake likakunjana, na halijakunjuka mpaka leo. Mwishowe akafunga mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, akalimeza.

"Anayenyamaza amekubali," mzee akasema. Kitobi akapewa fimbo.

Alikusudia kupiga polepole. Lakini macho ya watu yalikuwa juu yake, na anayepiga polepole hushukiwa. Akapiga kwa nguvu. Akampiga mbwa mwenye mimba, aliyemkimbizia paa tangu umande, kwa kosa ambalo ladha yake alikuwa nayo bado mdomoni. Mwandani hakulia. Mkia ulijikunja juu ya kiuno kujikinga, ukabaki hivyo hivyo.

Asubuhi yake walienda msituni kama kawaida. Mwandani akatangulia, akaingia kwenye majani, Kitobi akasimama kusubiri sauti. Hakusikia kitu. Akaita. Akapiga mluzi. Alizunguka mpaka akasahau alikotoka, akarudi mikono mitupu, na mbwa hakurudi. Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu, na nyingine. Alikuwa mwindaji hodari, kila mtu alisema hivyo. Sasa ikaonekana uhodari ule ulikuwa na miguu minne.

Alimpata siku ya nane, ndani ya uwazi wa mti ulioanguka. Alikuwa ameshazaa. Watoto wanne, macho yamefumba, wanasukumana kwenye ziwa, na hakuna aliyetoa hata kilio. Kila mmoja alikuwa na makunyanzi katika paji la uso. Wamezaliwa juzi na tayari wana mawazo.

Kitobi akachuchumaa. "Sema," akamwomba. "Hata unitukane. Sema mara moja tu."

Mwandani akamlamba mtoto wake mmoja, akageuza uso pembeni. Hakugeuka kwa hasira. Aligeuka kama unavyogeuka ukimkuta mkweo anaoga: kumsitiri.

Hapo ndipo Kitobi alivunjika. Fimbo ingerudishwa kwake angeivumilia. Kusitiriwa mara ya pili kulimshinda. Alirudi kijijini akikimbia, akasimama pale pale alipompigia mbwa, akasema kwa sauti, "Ini nililila mimi. Nitoeni."

Mkewe ndiye aliyesema kwanza.

"Najua," akasema. "Nyongo ilikuwa imekatwa kwa kisu. Mbwa hana kisu."

"Ulijua, ukaniacha nipige?"

"Niliogopa kutolewa na mtoto."

Kitobi akawatazama wazee. Wazee wakatazama chini. Nao walikuwa wameiona nyongo ile. Waliogawa nyama waliiona, waliosimama nyuma waliambiwa na waliosimama mbele. Kijiji kizima kilijua, kikamwacha mbwa apigwe, kwa sababu kumpiga mbwa kulikuwa rahisi kuliko kumtoa mtu wanayempenda. Sasa nani amtoe nani? Wangetoka wote, pangebaki majivu.

Wakaenda wote mpaka kwenye ule mti. Wazee wakainama, wakamwambia Mwandani kweli imeshatoka, na sasa anaweza kusema. Akafungua mdomo, wakaona kwamba anajaribu. Neno lililomezwa lilikuwa limekwenda na maneno mengine yote. Akaufunga.

Mke wa Kitobi akamwambia mumewe, "Umemnyang'anya sauti. Mchongee nyingine." Kitobi akakata mti mwepesi, akauchonga siku mbili, akautia ulimi wa mfupa, akamvisha. Ndiyo kengele ya kwanza. Kuhusu watoto wale wanne, wanawake waliwachukua, wakasema tangu sasa mwanaume hataachiwa kuchagua mbwa. Ataangaliwa kwanza kama kidole chake kina tabia ya kunyooka ovyo.

Paa wa kwanza aliyepatikana kwa mlio wa kengele, ini lake liliwekwa mbele ya Mwandani kabla ya mtu yeyote kuonja. Akaanza kula. Na watu walipomwona anakula, wakashindwa kutazama. Mmoja akageuka, na wa pili, mpaka wote wakawa wamempa mgongo.

"Wageni hutuambia tunamheshimu sana mbwa," Mama Kyakimwa alisema. "Si heshima, Papa Fundi. Ni aibu."

Na tangu siku hiyo, mpaka siku ile nilipofika mimi na njaa zangu, mbwa wa msitu ule habweki, huvaa kengele ya mti, huwekewa ini kabla ya watu, na anapokula wenyewe humgeuzia mgongo.

Alipomaliza, Kathembo alikata kipande kingine, kikubwa kuliko kile, akakiweka juu ya jani mbele ya Watasema. Watu wote wakageuka, hata watoto, hata mke wa Kathembo na mchi wake. Niligeuka nami. Tulisimama tunatazama ukuta wa udongo, na nyuma yetu ikasikika kengele ikigonga polepole kila mbwa alipotafuna.

Ningenyamaza ningekuwa nimepona nusu. Lakini ulimi wangu haujawahi kumeza neno. Nikaanza kuomba msamaha, kwa Kiswahili changu chote cha Ujiji, pamoja na salamu za mke wangu ambaye hakuwa na habari. Nikaeleza kwamba kutengeneza cherehani na kuchonga kengele ni kazi zinazokaribiana, na mimi kengele naweza kuchonga hata mbili. Na mwisho, Mungu anisamehe, nikauliza kama bado kuna nafasi ya kufikiriwa kuhusu mtoto wa mbwa, hata aliye dhaifu kuliko wote.

Mama Kyakimwa hakugeuka. Aliongea akiwa anatazama ukuta.

"Hapana. Mbwa wangu wamechoka kuwafichia watu."