Ndoo Zilizofunikwa za Boina Madi

Inasimuliwa, na aliyetupokeza habari hii alikuwa mtu mwenye kuchunga ulimi wake, kwamba katika zama za merikebu za matanga aliishi mja mwema wa kisiwa cha Nzwani, jina lake Boina Madi bin Sidi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa baharia katika merikebu ya Wazungu iliyorudi kwao kutoka Bara Hindi. Homa ikamshika njiani, na walipofika katika mji mmoja wa bandari nchini Uskoti, nahodha akamshusha pwani na kisanduku chake, kisha akaondoka.

Mji ule ulikuwa wa mvua na moshi, na Boina Madi hakuwa na mtu. Aliyemchukua ni mjane mmoja Mkristo, Bibi Marion Orr, aliyekuwa akikodisha chumba kimoja cha nyumba yake. Alimuuguza wiki sita kwa uji wa shayiri na supu ya samaki, akapona. Alipoweza kusimama, akatafuta kazi.

Siku hizo ndiyo kwanza nyumba ya kusafishia sukari imejengwa mjini hapo, haijawahi kuonekana nyingine. Sukari guru ililetwa kwa mapipa kutoka visiwa vya magharibi, ambako watu waliotekwa Afrika walikata miwa chini ya mijeledi. Ilikuwa nyeusi, yenye kunata, na harufu nzito. Katika nyumba ile ilichemshwa, ikamiminwa katika vyungu vya udongo vilivyochongoka kama pia ya watoto, na baada ya majuma ikatoka nyeupe, ngumu, ikafungwa katika karatasi ya buluu. Namna weupe ule ulivyopatikana ilikuwa siri. Mwenye nyumba, Bwana Ninian Carrick, alikuwa amemleta fundi wa Kijerumani, Lohmann, na milango ya chumba cha masufuria haikufunguliwa kwa mgeni yeyote.

Boina Madi alipewa kazi moja. Kila asubuhi aende machinjioni, apokee ndoo mbili zilizofunikwa, azilete kwa fundi, asiulize neno.

Siku ya nne kifuniko kiliteleza, akaona damu.

"Hii ni ya nini?" akamuuliza Lohmann.

"Ni dawa ya weupe," fundi akamjibu bila kumtazama. "Damu ya ng'ombe ikipata moto huganda, ikapanda juu na uchafu wote, nasi tukauengua kwa upawa. Sasa umejua. Na hukuona kitu."

Boina Madi alirudi chumbani mwake akafikiri sana. Damu ni haramu kinywani mwake, hilo halikuwa na mjadala. Lakini kazi nyingine hakuwa nayo, na njia ya kwenda kwao ilikuwa ndefu. Akaamua kwamba ataibeba na hataionja, naye akadhani jambo limekwisha.

Halikwisha. Bibi Marion alikuwa akiweka kipande cha sukari ya Bwana Carrick mezani kila Jumapili baada ya kanisa, kwa heshima ya mgeni wake, maana ilikuwa kitu cha fahari. Boina Madi akaikataa. Mara ya pili akaikataa tena. Hakusema sababu, kwa kuwa alihofu fundi atapata habari, na kwa kuwa alihofu mama huyu, akijua kilichomo, atamfukuza yeye mbeba ndoo. Kuanzia hapo kila kitu kikamtia shaka. Alinusa kikombe kabla ya kunywa. Aligeuza mkate, akautazama chini na juu. Mama aliyaona yote hayo, na moyoni akajisemea, "Mtu huyu nimemtoa kaburini, naye anadhani nitamtilia sumu."

Naye Bibi Marion alikuwa na shaka zake. Kila alfajiri alisikia maji yakimwagika chumbani kwa mpangaji. Siku moja akachungulia katika ufa wa mlango, akamwona akiosha mikono hadi viwiko, uso, kisha miguu, midomo ikicheza. Jioni vilevile. Mtu gani huosha mikono yake mara zote hizo, na kuna nini mikononi mwake? Boina Madi aliliona jicho lile ufani. Tangu siku hiyo akawa akitundika koti lake mlangoni, na mama akaona kwamba koti limetundikwa. Hivyo wakaishi miaka miwili chini ya paa moja, wakisalimiana kwa upole na kuviziana kama majirani wenye kesi.

Katika vuli ya mwaka wa pili, kijana wa Kijerumani aliyeitwa Klaas, mmoja wa wakoroga masufuria, akatoweka. Leo yupo kazini, kesho hayupo, na vitu vyake vimeachwa. Fundi Lohmann alipoulizwa akasema hajui. Mji ukaanza kunong'ona. Mtu akasema alisikia ukelele. Mwingine akakumbuka kwamba nyumba ile haijawahi kufunguliwa milango. Wa tatu akakumbuka yule mtu mweusi wa ng'ambo na ndoo zake zilizofunikwa. Haukupita mwezi, ikawa inasemwa sokoni waziwazi kwamba sukari ile hutiwa weupe kwa damu ya watu. Wanawake walivuka njia wakimwona Boina Madi. Mauzo yakafa. Hakimu wa mji akatangaza siku ya kusikiliza.

Siku mbili kabla, Bwana Carrick alimwita.

"Hakimu atakuuliza nini kimo katika ndoo," alisema. "Utajibu ni ute wa mayai. Neno hilo tu. Lohmann atasema hivyohivyo, na wa machinjioni nimeshazungumza naye."

"Lakini si mayai, bwana."

"Nisikilize, Boina. Gatini kuna merikebu inayokwenda Bara Hindi, nami nina hisa ndani yake. Itatia nanga Nzwani kuchukua maji. Nafasi yako ipo. Umeniambia mama yako yu hai."

Boina Madi akainamisha kichwa.

"Na ukisema damu," Bwana Carrick akaendelea, kwa sauti ya chini, "wakati mtu ametoweka na mbebaji ni wewe, unajua mwenyewe watakavyoelewa. Mimi sitaweza kukuokoa."

Boina Madi akaondoka na maneno hayo kifuani. Kwa siku mbili hakula chakula cha kumshibisha. Akilini alimwona mama yake akikaa barazani kwao, na aliiona kamba ya kunyongea. Alijaribu kujiambia kwamba neno moja kuhusu mayai halimdhuru mtu. Kila alipotaka kulishika lilimteleza, maana alijua ataapishwa kwa jina la Mola wake.

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa hadi nje. Boina Madi akamwona Bibi Marion ameketi upande wa mashahidi, amevaa nguo yake ya kanisani. Akasema nafsini, "Huyu ndiye atakayenimaliza."

Mama akasimama, akaapa, akaeleza. Ndiyo, mpangaji huosha mikono na miguu alfajiri na jioni. Ndiyo, hufunika mlango. Ukumbi ukanguruma. Kisha akaongeza, "Na jambo jingine, mheshimiwa. Miaka miwili hajaonja sukari mezani kwangu. Hata chembe. Sijui kwa nini."

Hakimu, mzee mwembamba mwenye macho ya kuchoka, akamgeukia Boina Madi.

"Apa kwa Mungu wako, kisha useme. Ndoo zile zina nini?"

Bwana Carrick alikuwa akimtazama. Boina Madi akaapa.

"Zina damu," alisema.

Watu wakainuka. Mmoja akapiga yowe, "Mtundikeni!" na walinzi wakalazimika kusimama mbele yake. Hakimu alipiga meza mpaka wakanyamaza.

"Damu ya nini?"

"Ya ng'ombe. Naipokea machinjioni kila asubuhi, na fundi huitia katika masufuria ili kuondoa uchafu. Kwetu damu ni najisi, hailiwi. Ndiyo sababu sikuila. Na kule kuosha mikono ni kwa ajili ya sala."

"Wapo waliosema ni ute wa mayai," alisema hakimu. "Ungesema hivyo, huenda ungetoka hapa huru."

"Ningetoka mwongo, mheshimiwa. Na bado nina kosa langu ambalo hukuniuliza. Nilijua tangu siku ya nne. Nikakilinda kinywa changu, nikamwacha mama yule ale, naye ndiye aliyenipa uhai. Sikumwambia."

Bibi Marion akaufunika uso wake kwa mikono miwili.

"Jibu hili la mwisho," hakimu akasema taratibu. "Je, kuna damu ya mtu katika sukari ile?"

Boina Madi alikuwa ameapa, naye alitaka kusema analolijua tu.

"Katika masufuria, hapana. Kule miwa inakokatwa, sikuwepo. Waulizeni mabaharia wanaoleta mapipa."

Mabaharia wawili waliosimama mlangoni walitazama chini.

Ndipo Fundi Lohmann akasimama bila kuitwa. Uso wake ulikuwa mwekundu kama mtu aliyetoka mbele ya tanuri.

"Klaas yu hai," alisema. "Ni mtoto wa dada yangu. Nilimtuma mwenyewe mji wa mashariki, kwa tajiri mwingine, akawafundishe kazi hii. Bwana Carrick nilimficha jambo hili. Nilikuwa tayari kuapa mayai, na nilikuwa tayari kumwacha mtu huyu abebe lawama. Sasa nimemsikia akijitia hatarini kwa neno ambalo mimi niliona ni dogo. Siwezi tena."

Hakimu hakuamini haraka. Akatuma mpanda farasi kwenda kumtafuta Klaas, na mpaka atakaporudi akaamuru Boina Madi awekwe ndani. Zilikuwa siku tatu, naye alizipitisha kwa subira na dhikri, bila kujua kama fundi alisema kweli au alijitafutia muda wa kukimbia.

Siku ya pili, mchana, Bibi Marion akaja na kikapu. Akatoa mayai yaliyochemshwa, yangali katika maganda yake.

"Nimeyaleta hivi," alisema, "ili usiwe na shaka na mkono wangu."

Boina Madi hakuweza kuyashika.

"Mama, sikuwa na shaka na sumu."

"Basi ulikuwa na shaka na nini? Miaka miwili unanusa vikombe vyangu!"

"Nilihofu kwamba ukijua unachokula, utanifukuza."

Mama akaketi juu ya jiwe la mlangoni. "Kitabu chetu nacho kimekataza damu," alisema. "Kanisani wengi hawajali siku hizi. Marehemu baba yangu alijali, nami nikajali. Ungeniambia, ningeitupa sukari ile motoni na ningekupikia kama kawaida. Lakini nami ningeweza kukuuliza kuhusu yale maji. Niliona ni rahisi zaidi kuchungulia. Jana nilisema niliyoyaona, kwa kuwa niliapa. Usinichukie."

"Ulisema kweli, mama. Mimi ndiye niliyekudhania mabaya ulipokuwa hujafungua hata kinywa."

Akachukua yai moja, akalimenya, akalikata kwa vidole, akampa nusu. Wakala.

Siku ya tatu mpanda farasi akarudi, na Klaas nyuma yake juu ya farasi wa pili, mzima, ameona haya. Hakimu akamwachia Boina Madi huru mbele ya watu. Bwana Carrick hakufungwa, ila kila mtu alijua ni uongo gani aliotaka watu wauapie. Lohmann akafukuzwa kazi. Na ajabu ya wanadamu ni hii, kwamba kabla ya majira ya baridi kwisha watu wale waliotaka kumtundika mtu kwa ajili ya damu walikuwa wakinunua sukari ileile, wakijua kilichomo.

Boina Madi hakuishika tena ndoo. Alisokota kamba za merikebu kwa mwaka na nusu, mpaka nahodha mmoja akakubali kumchukua. Merikebu ya Bwana Carrick ilikuwa imekwenda zamani bila yeye. Alipofika Nzwani aliambiwa kwamba mama yake amezikwa miezi saba iliyopita, na kwamba alikuwa akiuliza habari zake hadi siku ya mwisho.

Ndugu zake walimlaumu. Wakasema, "Neno moja tu, Boina, na ungemkuta hai. Hujuti?"

Alilia mbele yao bila kujificha, kisha akasema, "Najuta. Najuta ile miaka miwili niliyonyamaza. Siku niliyosema sijuti."

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tazameni toba ya mtu huyu ilielekea wapi. Angeweza kuihesabu ile siku ya ukumbini kuwa ndiyo mtihani wake, na watu wangemsifu. Yeye aliuona mtihani katika zile Jumapili tulivu, mezani, alipokuwa na neno la kweli mdomoni na mtu wa kuambiwa yuko mbele yake. Mola atujaalie kuitambua meza hiyo tukiwa tungali tumeketi. Amina.