Hodi ya Jua la Utosini

Hadithi yangu iko mlangoni. Hodi!

— Karibu!

Mbona mnaitika kama wenye homa? Hodi!

— Karibu ndani!

Haya, sasa nimewasikia. Sogeeni motoni, na mwoga amshike mwenzake mkono, maana sitasimama katikati kumbembeleza mtu.

Hapo kale palikuwa na kijiji kiitwacho Mavumbini, chenye adabu kupita kiasi. Mtoto haitiki hodi mkubwa akiwapo. Kijana hafungui kinywa barazani. Na mgeni akipiga hodi, hajibiwi neno jingine ila karibu.

Zimwi likalijua hilo.

Siku moja, jua liko utosini, kivuli cha mtu kimejificha chini ya nyayo zake, ikasikika sauti malishoni, inakwaruza kama chungu kinachoburutwa. "Hodi! Hodi! Hodi! Wenyewe wapo?"

Watu wakakimbilia ndani, wakakomea milango. Wazee wakanong'ona, "Msiitike! Ukiitika umelikaribisha." Kimya.

"Basi hapana mwenyewe," likasema Zimwi. "Pangu!" Likameza malisho, na mbuzi, na Mbaruku mchungaji.

Mwezi uliofuata, siku kama ile, likaja msituni, kwenye kuni. "Hodi! Hodi! Hodi! Wenyewe wapo?" Kimya. "Pangu!" Msitu ukaenda.

Ikabaki chemchemi, na maji mengine hayakuwapo.

Tunu, binti aliyeanza juzi tu kujifunga kanga mwenyewe, akamwendea babu yake Mzee Shomvi, mkubwa wa baraza. "Babu, tukinyamaza linachukua."

"Nani kakuuliza? Subiri ukue."

"Nikue kwa maji gani, babu?"

Mzee akatazama pembeni. Alikuwa anaogopa, masikini, na aliona haya kumwambia mjukuu wake.

Tunu akaenda kwa vijana wenzake. Mlango wa kwanza, Sikudhani akasema, "Mama kanikataza." Mlango wa pili, Haji akasema, "Naogopa." Mlango wa tatu, Machano akasema, "Naogopa pia. Nipitie, tukaogope pamoja."

Basi wakarudi wote wawili kwa Haji, wakarudi wote watatu kwa Sikudhani, wakaenda hivyo nyumba kwa nyumba mpaka vijana wakajaa uani. Wakaahidiana: atakayesema ataje jina lake, kwa sauti ifike majumbani.

Mwezi mwingine ukaingia, na siku ile ile, jua utosini, wakasimama chemchemini. Ndege wakanyamaza. Maji yakaacha kububujika.

"Hodi!"

Vijana wakashikana mikono.

"Hodi!"

Tunu akasogea mbele hatua moja.

"Hodi! Wenyewe wapo?"

"Nani?" akauliza Tunu. Tangu kijiji kiwe kijiji, hodi haikuwahi kujibiwa hivyo. "Hukukaribishwa! Wenyewe tupo!"

Zimwi likainama. Pumzi yake ilinuka mbuzi. "Mwenyewe nani?"

"Tunu, binti Makame!"

"Mmoja? Mmoja namla." Likamnyakua, likammeza mpaka kiunoni.

Vijana wakatimua mbio, nisiwadanganye. Machano naye alikimbia. Lakini alimsikia Tunu akilia mle kinywani, akasimama, akageuka. "Machano, mwana wa Faki! Mwenyewe nipo!"

Taya zikalegea kidogo.

"Sikudhani, binti Ame! Mwenyewe nipo!"

"Haji, mwana wa Vuai! Mwenyewe nipo!"

Kule majumbani, nyuma ya makomeo, mama akasikia jina la mwanawe. Baba akasikia jina la bintiye. Nani angekaa ndani? Komeo moja likaanguka, jingine, jingine. Mzee Shomvi akatoka mbio bila kofia wala viatu. "Shomvi! Babu yake Tunu! Wenyewe tupo! Mteme mtoto!"

Kijiji kizima kikapaza sauti, "Wenyewe tupo!" Zimwi likapaliwa na majina. Likamtema Tunu matopeni, likarudi nyuma, likaenda zake likikohoa.

Maji yakabubujika. Malisho hayakurudi, Mbaruku hakurudi, na mama yake akakaa chini palepale akalia.

Mzee Shomvi akampangusa Tunu mate ya Zimwi kwa kanzu yake. "Nilikwambia usubiri ukue."

"Sasa nimekua, babu?"

"Mimi ndiye niliyekua leo, mama."

Basi vijana, mkiona cha kwenu kinachukuliwa, msingoje kuulizwa. Gonga kwa mwenzako, kaogopeni pamoja, tajeni majina yenu.

Hadithi yangu inaaga, inaomba njia.

— Njia nyeupe!

"Hodi!"

Ebo! Mbona mmejazana nyuma yangu? Ni mke wangu, analeta mihogo. Na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza, "Nani?" Yaani mate yangu yote nimeyamaliza bure.