Mitungi Iliyonguruma

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, wa nyuma asikie kama wa mbele.

Hapo zamani za kale, katika mji mmoja wa Bara Hindi, aliishi mfinyanzi mjane, jina lake Hemkori. Kila mwaka watu wa mji ule walimkaribisha mungu wao wa kike, Mama Amba, kwa sherehe ya siku tisa. Siku ya kwanza ilikuwa na kazi yake. Kabla jua halijafika utosini, mtungi mpya ulijazwa maji ya mto, ukawekwa juu ya udongo uliopandwa shayiri, na taa ya samli ikawashwa kando yake. Mtungi usipowekwa, Mama haingii mjini.

Mwaka huo, asubuhi ya siku ya kwanza, Nyati alikuja akalala pale pale pa kuchotea maji. Dume zima, pembe kama miundu!

Wakaja wanaume wenye mikuki. Nyati akafoka, "Mto wangu, matope yangu, maji yangu!" Akawafukuza.

Akaja kuhani, mzee Vajeramu, na kengele yake. "Mto wangu, matope yangu, maji yangu!" Mzee akakimbia, kiatu kimoja akakiacha.

Akaja Hemkori na mtungi wake.

"Mto wangu, matope yangu, maji yangu!"

"Bwana Nyati, naomba mtungi mmoja tu. Ni maji ya Mama."

"Mama yenu hana hata mtoto wa kumtetea. Rudi!"

Akarudi kwa wenzake. Jua linapanda, watu wanalia. Hemkori akautua mtungi, akauinamia, akaguna kwa uchungu. Mtungi ukajibu: Mmmuu! Akashtuka. Akaguna tena, kwa nguvu. NGUUURRR!

"Wanawake wenzangu, leteni mitungi mitupu, mikubwa yote!"

"Ya nini, dada?"

"Mama Amba akienda vitani hupanda nani?"

"Simba!"

"Basi leo tuwe simba wake."

Wanawake arobaini wakanyata hadi kwenye matete ya mtoni, wakatia vichwa mitungini. Wakanguruma mara ya kwanza. Nyati akainua kichwa. Wakanguruma mara ya pili, akasimama. Wakanguruma mara ya tatu, ardhi ikatikisika.

"Simba arobaini!" Nyati akalia. "Mto si wangu, matope si yangu, maji si yangu!" Mkia juu, akatokomea, wala hakuonekana tena.

Vigelegele! Maji yakachotwa, watu wakakimbia nayo hekaluni, na jua bado halijafika utosini. Mzee Vajeramu akapanda shayiri, akaweka mtungi, akaupamba kwa majani ya mwembe. Ikabaki nazi ya kuweka juu, kazi ya mke wa jumbe tangu enzi na enzi. Lakini mke wa jumbe akampa Hemkori.

"Weka wewe, dada."

"Mimi mjane? Mjane haiweki nazi ya Mama. Tena nina matope hadi viwikoni. Ngoja basi ninawe."

"Usinawe."

Hemkori akaiweka nazi kwa mikono ile ile. Taa ikawashwa, na mji mzima ukacheza ukiuzunguka mtungi.

Ngano yangu imetua hapo; mwenye yake na aitoe.