Zamu ya Kesho

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima, wakioana na kusutana kama sisi, palikuwa na nchi kavu ambako mvua ilipita mbio kama mgeni asiyetaka kukaribishwa chakula. Wenyeji wake walikuwa na kijito kimoja tu. Wakakiziba kwa magogo na mawe, wakachimba mfereji wa kwenda mashambani, na pale maji yalipoingilia wakaweka ubao wa kufungua na kufunga. Mahali hapo wakapaita banio.

Mlinzi wa banio alikuwa Kifaru. Mnauliza kwa nini Kifaru? Jamani, nani angethubutu kumwambia asiwe yeye?

Shamba la Kifaru lilikuwa la kwanza, hapo hapo chini ya banio. Likafuata la Nyati. Huko mwisho kabisa, mfereji ulipokuwa mwembamba, palikuwa na kijishamba cha kunde cha Bi Digidigi. Mume wake alikuwa ameliwa na chui, akamwachia mimba na jembe.

Maji yalikuwa ya zamu. Ndivyo walivyokubaliana wote. Basi kila asubuhi Bi Digidigi alipanda hadi banioni, tumbo mbele, akapiga magoti.

"Shikamoo, Baba Kishindo." Kishindo ndiye mtoto wa kwanza wa Kifaru.

"Marahaba. Nini tena?"

"Zamu yangu ya maji, mzee wangu."

"Kesho!"

Bi Digidigi akarudi. Asubuhi iliyofuata akaja tena. "Shikamoo, Baba Kishindo. Ile zamu yangu..."

"Kesho!"

Kifaru hakujiona mwongo hata kidogo. Aliona amejibu vizuri kabisa. Kesho ni neno jepesi, na anayepewa huondoka zake. Ila jambo moja lilimtatiza: mbona huyu mama anaambiwa aje kesho, naye kila siku anakuja leo? Akalifikiria, kichwa kikamuuma, akaliacha. Akafungulia vitunguu vyake maji zaidi.

"Baba Kishindo, vitunguu vinaoza!" mkewe akamwambia. "Funga maji!"

"Maji ni uhai, mke wangu."

"Uhai gani huu unaonuka?"

Siku moja mchana vigelegele vikasikika kule chini. Lililililiii! Bi Digidigi amejifungua. Na desturi yao ilikuwa kama yetu: jirani akizaa, mnakwenda kumwona mtoto, mnaambiwa jina lake, mnampa mzazi hongera na chochote mkononi. Mke wa Kifaru akabeba chungu cha uji, akaenda. Nyati akaenda. Hata Ngiri, bahili yule, akaenda na kiazi kimoja.

Kifaru hakwenda. "Nikiondoka, nani atalinda banio?" alisema. Mkewe aliporudi na habari za mtoto na jina lake, alimkuta amelala fofofo, anakoroma khoo, khoo. Akamwacha.

Ikafika siku ya kufukua tope la mfereji. Wote wakakusanyika banioni na majembe yao. Mara Bi Digidigi akatokea, kanga imefungwa mgongoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Kunde zake zilikuwa zimetoa maua, na maua yameanza kupukutika kwa ukame. Asipopata maji siku hiyo, hatavuna hata kikombe, na bila kunde hana maziwa ya kunyonyesha. Safari hii hakupiga magoti.

"Shikamoo, Baba Kishindo. Leo sikuombi zamu yangu."

Kifaru akashtuka. "Huombi? Sasa umefuata nini?"

"Nataka unijibu moja tu mbele ya wenzetu hawa. Ukishamaliza kumwagilia wewe, zamu inayofuata ni ya nani?"

"Hilo nalo ni swali? Zamu ya kesho!"

"Ya Kesho kweli?"

"Ya kesho, nimesema!" Kifaru akapiga mguu chini, tifu! "Nikisema nimesema. Kifaru harudi kinyumenyume!"

Bi Digidigi akawageukia wengine. "Mmemsikia?"

"Tumemsikia!"

"Ahsante, mzee. Basi fungua ubao, Kesho amefika."

"Nani kafika?"

"Kesho."

Kifaru akatazama jua. Akatazama kivuli chake. "We mama, kesho haijafika! Iliyofika ni leo."

"Amefika, mzee. Alifika juzi, jua la utosini. Muulize Mama Kishindo, alimwona."

"Kesho imefika juzi?"

"Naam."

"Na jana ilikuwa wapi?"

"Jana alikuwa nyumbani, analia."

Haya, ninyi wasikilizaji wangu, nawaona mnacheka. Mmeshajua kwamba "imefika" si sawa na "amefika". Lakini Kifaru alikuwa na masikio makubwa ya kusikia sauti ndogondogo za porini, si ya kusikia jirani anasema nini.

"Na sasa hivi iko wapi?" akauliza kwa sauti ya chini, akiogopa jibu.

"Amelala. Lakini akiamka hunyonya mpaka nasikia kizunguzungu."

Puu! Kifaru akakaa chini. Kesho inalala. Kesho inanyonya. Akamgeukia Nyati, rafiki yake wa siku zote.

"Bwana Nyati, niambie ukweli. Leo ni lini?"

"Leo ni leo, Baba Kishindo."

"Alhamdulillahi! Na kesho je?"

"Kesho yuko mgongoni kwa mama yake."

"Hata wewe!" Kifaru akashika kichwa. "Mke wangu! Mama Kishindo! Mimi ninaumwa?"

"Huumwi," mkewe akasema, akijizuia kucheka. "Mama Kesho, hebu mgeuze amwone."

Bi Digidigi akafungua kanga. Ndani yake mlikuwa na kitoto kidogo kuliko papai, macho makubwa, pua inachezacheza. Kifaru, ambaye haoni mbali, akasogeza pua kubwa akamnusa. Fnff! Kitoto kikapiga chafya. Chii!

"Huyu ndiye Kesho wangu. Nawe umetamka mwenyewe kwamba zamu ni yake."

"Lakini mimi... mimi nilisema kesho ile... ile inayokuja baada ya leo!"

"Ile unayonipa kila siku?"

"Eee! Hiyo hiyo!"

"Hiyo sijawahi kuiona, mzee wangu. Wewe umewahi kuiona?"

Kifaru akafikiri. Akafikiri mpaka jasho likamtoka. Kweli, hakuwahi kuiona. Maisha yake yote, kila alipoamka, alikuta ni leo.

"Ah, umeshasema!" Ngiri akapaza sauti. "Au Kifaru sasa anarudi kinyumenyume?"

Papo hapo Mama Kishindo akaushika ubao, akauvuta. Kwaruu! Maji yakafunguka, chwaaa! Wanyama wakakimbia na majembe kando ya mfereji, wengine wakiziba matobo, wengine wakizibua tope, wakipiga kelele, "Mpisheni Kesho! Mpisheni Kesho!"

Kifaru akayafuata maji, ananong'ona njia nzima: leo, juzi, kesho, leo. Akapita shamba lake, akapita la Nyati, akaendelea mpaka mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Huko alikuta ardhi imepasuka nyufa, na kunde zimeinamisha majani. Maji yakaingia taratibu, na udongo ukayanywa kwa sauti. Bi Digidigi alikuwa amesimama katikati ya matuta, analia kwa furaha, na mtoto amekwisha kuamka.

Kifaru aliona aibu, ingawa hakujua hasa ni aibu ya nini. Akatafuta neno la kusema.

"Mama... Mama Kesho. Hongera ya uzazi. Lakini jina gani hili umempa mtoto? Kwani majina yameisha?"

"Nimempa mimi?" Bi Digidigi akafuta machozi. "Alipokuwa tumboni nilimleta banioni kila asubuhi, nawe kila asubuhi ukamwita. Jina ulimpa wewe, mzee."

Kifaru hakujua kama ameheshimiwa au amesutwa. Akasimama palepale, maji yakipita katikati ya miguu yake kwenda kwenye kunde.

Na mimi nimefika mwisho wa mfereji, sina pa kwenda tena, ila nawaachia hili: ukimpiga mwenzio kalenda, ujue kesho nayo ina mwenyewe.