Kiboko Alivyorudishiwa Elimu

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Sema wewe mwenyewe!

Palikuwa na deni.

— Deni la nani?

La msomi.

— Haya lete, tumekaa!

Wewe unayecheka huko nyuma, najua kwa nini unacheka. Na wewe ambaye hucheki, kwa nini huwezi kucheka najua zaidi. Sogeeni wote. Hii si hadithi ya kusikilizwa kwa mbali.

Hapo wanyama walipokuwa wanasema, na kwa bahati mbaya walikuwa wanakopeshana pia, alikuwapo Kiboko mwenye mtama. Hakulima. Alikaa tu. Aliona shamba zuri bondeni, akakaa mlangoni pake, puu! Shamba likawa lake. Akaona la pili, akakaa, puu! Likawa lake. Nani angemwinua? Na mchana kutwa alijilaza katika bwawa ambalo kila mnyama alikunywa maji yake, kwa hiyo mwenye kiu ilikuwa lazima amsalimie.

Aliyetaka jembe alikwenda kwa Kiboko, akakopa mtama, akanunua jembe. Aliyetaka chungu alikopa mtama, akanunua chungu. Na kila alipokopesha, Kiboko alisema maneno yaleyale mbele ya wote waliokuja kunywa:

"Utalipa kwa wakati. Ukishindwa kulipa, utarudisha kilichonunuliwa kwa mtama wangu. Ukishindwa kurudisha, nitakalia cha mdhamini wako."

Maneno hayo aliyarithi kwa baba yake, naye hakuwahi kuyafikiria. Kichwa kikubwa vile, lakini alikitumia kwa kupiga miayo.

Basi alikuwapo Nguchiro, binti mdogo, mwembamba, mwenye macho ya kuuliza maswali. Aliishi na mama yake katika kichuguu cha zamani ambacho mchwa walikihama. Mama mtu alikuwa amekifagia, amekichimba vyumba, amekipaka udongo mwekundu mlangoni. Hawakuwa na kitu kingine duniani.

Nguchiro alitaka kusomea kusuka vihenge, vile vya kuhifadhia mtama. Fundi mkubwa alikuwa Mnana, ndege asiyenyamaza, aliyekuwa na chuo chake kwenye matete ya ng'ambo. Mnana alidai ada. Na juu ya ada kulikuwa na kilemba, maana huko kwao, kama huku kwetu, mwanafunzi akishajua kazi humpa fundi wake kilemba. Si lazima kiwe kitambaa. Huweza kuwa kuku, huweza kuwa mtama. Asipotoa, mikono yake bado ni ya fundi, hawezi kuifanyia kazi hiyo popote.

Mama na binti wakaenda bwawani. Shubwi! Kiboko akainua kichwa.

"Mnataka jembe?"

"Nataka kusoma, mzee," akasema Nguchiro.

"Kusoma, jembe, kwangu ni mamoja. Mdhamini nani?"

"Mimi mama yake. Naweka kichuguu changu."

Kiboko akapiga mwayo, akasema maneno yake: utalipa, ukishindwa utarudisha, ukishindwa nitakalia. Wanyama wote wakasikia. Mtama ukapimwa, wa ada na wa kilemba.

Nguchiro akasoma. Alisoma kweli, jamani, msimfananishe na hao mnaowajua. Akajua kupasua matete, akajua kuyaloweka, akajua kusuka kitako cha kihenge mpaka kikashika maji. Alipohitimu akatoa kilemba chake, Mnana akamfungua mikono kwa vifijo. "Nenda mwanangu, kazi zimejaa huko!"

Kazi zimejaa! Mwaka huo mvua ilidondoka ikajuta, na pasipo mavuno nani ana haja na kihenge? Nguchiro akaenda kwa Panya Buku.

"Hodi! Kazi ipo?"

"Una uzoefu?"

"Nimehitimu juzi."

"Njoo ukiwa na uzoefu."

Akaenda kwa Nungunungu. "Hodi! Kazi ipo?" "Una uzoefu?" "Nimehitimu juzi." "Njoo ukiwa na uzoefu." Akaenda kwa Kanga, na Kanga hakungoja hata hodi, alijibu akiwa ndani.

Na kila mwezi ulipoandama, Nguchiro alikwenda kunywa maji. Shubwi!

"Nguchiro, changu kiko wapi?"

"Bado natafuta kazi, mzee."

"Basi kimeongezeka." Shubwi! Akazama.

Ikafika hali Nguchiro anakunywa umande wa majani ili asionekane bwawani. Alimwona mama yake naye anafanya hivyohivyo, mama mtu mzima, analamba majani kama mtoto, na moyo ukamuuma. Akavunja kuni, akauza, akapata pishi mbili za mtama. Akazipeleka kwa furaha.

Kiboko akazila hapohapo. "Pishi moja ni ya kuchelewa. Ya pili ni ya kulinda ladha."

"Ladha ipi, mzee?"

"Mtama niliokupa ulikuwa mtamu. Wa mwaka huu hauna ladha. Kwa hiyo lazima uwe mwingi zaidi ili utamu ulingane."

"Na deni lenyewe?"

"Deni lenyewe hujaligusa."

Pembeni alikuwapo Kobe, anakunywa taratibu. Kobe alikopa akiwa kijana, akasomea kuunga mifupa, na alikuwa akilipa tangu gamba lake likiwa laini. Nguchiro akamuuliza, "Mzee Kobe, wewe umebakiza kiasi gani?"

"Sijui, mwanangu. Nilipouliza, niliongezewa kwa sababu ya kuuliza."

Mnacheka? Haya, chekeni. Nguchiro hakucheka.

Siku moja Kiboko akatoka majini. Tii, tii, tii, ardhi ikatikisika mpaka kwenye kichuguu. Akasimama mlangoni, kivuli chake kikaingia vyumba vyote.

"Uvumilivu wangu umekwisha. Kesho jua likichomoza nakuja kukaa."

Alipoondoka, Nguchiro akalia. "Mama, nisamehe. Ningebaki mjinga, ungebaki na nyumba."

Mama yake alikuwa anaufagia mlango, akaendelea kuufagia, ingawa ulikuwa safi. "Mimi sikuweka nyumba yangu ili unililie," akasema. "Niliiweka kwa sababu wewe unauliza maswali. Sasa uliza."

Nguchiro akafuta machozi. Akauliza, kwanza moyoni, halafu kwa sauti: "Mama, hivi siku ile Kiboko alisema nini hasa?"

"Alisema utalipa. Ukishindwa utarudisha kilichonunuliwa. Ukishindwa ndipo atakaa."

"Rudia, mama."

Mama akarudia. Nguchiro akaanza kutembea huku na huku, mkia umesimama.

Asubuhi Kiboko akaja, tii, tii, tii, na wanyama wote nyuma yake, maana shida ya mtu haikosi watazamaji. Akageuka, akaelekeza makalio kwenye kichuguu.

"Kaa, mzee!" Nguchiro akapiga kelele, akajitupa chini. "Kaa upesi! Vunja nyumba, kanyaga vyumba vyote! Ila nakuomba, nakupigia magoti, usiniambie nirudishe elimu yangu!"

Mama mtu akamkodolea macho.

Kiboko akasimama makalio hewani. "Kwani ina nini hiyo elimu?"

"Hapana, mzee, wewe kaa tu. Kichuguu ni udongo, nitachimba kingine. Lakini elimu ndiyo mali yangu yote. Mwenye kuwa nayo, kila mwenye mtama atamhitaji. Ukiichukua nitabaki mtupu."

Kiboko akafikiri. Ilimchukua muda, hakuwa na mazoea. Akaona udongo, akaona mali. Akashusha makalio, lakini pembeni.

"Nilisema ukishindwa kulipa utarudisha. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema!" wakajibu wanyama.

"Basi rudisha! Yote! Usibakize hata fundo moja!"

"Na nikirudisha, deni limekwisha? La kuchelewa, la ladha, yote?"

"Limekwisha. Mashahidi hawa hapa. Lete!"

"Mzee, haiko kwenye kapu nikakukabidhi. Inatoka kidogokidogo. Itabidi ukae, nikupe, mpaka iishe."

Kukaa? Kiboko akafurahi. Kazi ya kukaa aliijua.

Basi Nguchiro akaanza kurudisha elimu. Akamwonyesha kupasua matete. Kra! Likavunjika. "Jingine, mzee." Kra! "Jingine, mzee." Akamwonyesha kuloweka, hapo Kiboko akafanya vizuri, alikuwa na kipaji cha kulowa. Akamwonyesha kusuka, hili juu, hili chini, hili juu, hili chini, Kiboko anavuta kwa midomo, jasho linamtiririka. Wanyama walikuja kila siku kutazama. Na Nguchiro, mimi nitasema kweli, hakumfanyia hila kwenye kufundisha. Alimfundisha kama alivyofundishwa. Kiboko aliposhindwa alimrudisha mwanzo bila kumcheka, na alipopatia alimwambia umepatia. Siku Kiboko alipomaliza kitako cha kwanza bila msaada alikitazama muda mrefu, uso umebadilika. Huenda hiyo ndiyo siku pekee maishani mwake aliyotengeneza kitu badala ya kukikalia.

Lakini tamaa ni tamaa. Kihenge cha Kiboko kiliposimama, kimepinda lakini kimesimama, akauliza:

"Imeisha?"

"Imeisha, mzee. Yote unayo."

"Wewe huna tena?"

"Sijui. Hebu nijaribu." Nguchiro akavuta matete, hili juu, hili chini, hili juu, hili chini, na kabla Kiboko hajafunga mdomo, kihenge kizuri kikasimama mbele yake.

"Mwizi!" Kiboko akanguruma. "Umebakiza!"

Akaitwa Mnana aje aamue. Mnana akaja, akatua juu ya kihenge kilichopinda, akakikagua ndani na nje.

"Kazi ya nani hii?"

"Yangu," akasema Kiboko, na kidogo akajisikia.

"Si mbaya. Hakuna fundo lililokosekana, umepewa yote. Na aliyekupa bado anayo yote, maana elimu ndivyo ilivyo, ungetaka kitu chenye kumtoka mtu ungekopesha majembe. Deni la binti limekwisha." Mnana akainamisha kichwa. "Sasa, mzee, umefundishwa na nani?"

"Na Nguchiro."

"Umelipa ada?"

Kiboko akageukia kihenge chake kilichopinda.

"Umetoa kilemba?"

"Mimi nilikuwa nachukua changu!"

"Ulikaa hukukaa? Ulifundishwa hukufundishwa? Sasa unajua kusuka hujui? Basi ulikuwa mwanafunzi. Mtama wa ada na wa kilemba wewe mwenyewe ndiye uliyempimia huyu binti, kiasi chake unakijua. Ongeza wa kuchelewa. Na wa ladha usisahau."

Hapo wanyama waliangua kicheko hadi maji ya bwawa yakacheza. Hata Kobe alitoa kichwa chote nje. Kiboko akaangalia huku, akaangalia kule, aone mahali pa kukaa. Lakini deni hili lilikuwa lake mwenyewe, na juu ya deni lako huwezi kukaa.

"Sina haraka, mzee," akasema Nguchiro kwa adabu zote. "Utalipa ukipata kazi."

Na Kiboko akaenda, tii, tii, tii, mpaka kwa Panya Buku.

"Hodi! Kazi ipo?"

"Una uzoefu?"

Mwisho wa mambo Nguchiro alikubali kilemba cha namna nyingine. Kiboko amfutie Kobe deni lake, na bwawa liwe la kunywa bila kuulizwa. Kiboko akakubali, akazama, na nasikia mpaka leo akiona wasomi wanakuja kunywa hubakiza macho na masikio tu juu ya maji.

Kazi ilikuja mvua ilipokuja, kwa kuchelewa, na si nyingi sana. Nguchiro alisuka, na jioni alirudi kwenye kichuguu. Siku moja mama yake akakaa karibu naye, akashika tete moja.

"Nifundishe na mimi," akasema. "Ila sina kilemba, labda unikopeshe."

Nguchiro akataka kucheka, ikashindikana. Akaishika mikono ya mama yake, akaiweka kwenye matete. "Wewe ulishatoa, mama. Ulitoa kabla yangu."

Na wakasuka. Hili juu, hili chini.

Haya, funzo. Hadithi ya wanyama lazima iwe na funzo, wenye vyuo husisitiza sana jambo hilo. Funzo ni hili: msisome! Tazameni Kiboko. Alikuwa na mashamba, ana bwawa, anapiga miayo yake kwa raha. Alipokubali kusoma tu, akaingia kwenye deni na kuanza kutafuta kazi. Baki mjinga, mwanangu, kaa mlangoni pa mwenzio, utaheshimiwa.

Hadithi yangu naitua hapa.

— Itue, tumeipokea!

Iliyemfaa aende nayo bure, simdai ladha. Ambaye haikumfaa anirudishie, yote, neno kwa neno, nami nitakaa nimsikilize. Halafu ajipapase kichwani, aone kama imetoka.